Funika jicho moja kwanza: kutafuta chanzo cha shida ya macho ya mtoto, hapa Goma

Mama mmoja alinijia na mtoto wa miaka 4 mwenye chokea kwenye kope ya juu. Chokea si kitu cha kutisha: unachovya kitambaa safi kwenye maji ya uvuguvugu, unakiweka juu ya kope dakika 10, mara nne kwa siku, hukikamui, na kwa kawaida siku chache zinatosha. Lakini nilipokuwa namtazama nikafanya ninachomfanyia kila mtoto anayekaa kwenye benchi letu: nikamfunika jicho la kushoto kwa kiganja. Akaendelea kuchezea kifuniko chake cha chupa. Nikafunika la kulia. Akausukuma mkono wangu, akageuza kichwa, akausukuma tena, halafu akaanza kulia.

"Iko anakuogopa tu, muganga," mama akasema.

Nikamwomba amfunike yeye mwenyewe, kwa mkono ambao mtoto anaujua tangu kuzaliwa. Ikawa vilevile. La kushoto likifunikwa, anacheza. La kulia likifunikwa, analia.

Jicho lake la kushoto lilikuwa karibu halioni. Nyumbani hakuna aliyejua, kwa sababu mtoto mwenye jicho moja zima anakimbia juu ya mawe ya lava kama wenzake, anapiga mpira, anachagua maharagwe na mama yake. Naye hawezi kulalamika, maana hajui kwamba wengine wanaona kwa macho mawili.

Ndiyo maana naomba kila mzazi, kila yaya na kila koko (bibi au babu) anayelea mtoto aanze hapo, hata kama kilichomleta ni wekundu au kuwashwa. Funika jicho moja, mpe kitu anachokipenda, tazama. Kisha badilisha. Rudia siku nyingine akiwa ameshiba na hana usingizi. Baada ya hapo fuata dalili unayoiona.

Jicho ni jekundu na linatoa tongotongo

Swali la kwanza ni umri. Kama mtoto hajafikisha siku 28 tangu azaliwe, kope zimevimba na usaha unatoka, usisubiri kesho. Vijidudu vya kisonono alivyovipata wakati wa kuzaliwa huanza kuonekana kati ya siku ya 2 na ya 5, na vinaweza kutoboa kioo cha mbele cha jicho ndani ya siku moja tu. Klamidia, ugonjwa mwingine wa zinaa, huja taratibu zaidi, mara nyingi kati ya siku ya 5 na ya 14. Matone peke yake hayatoshi: kisonono kinahitaji sindano, klamidia inahitaji dawa ya kunywa, na baba na mama wote wawili watibiwe. Wapo wanaume wanaokasirika wakisikia hivyo. Mimi huwaambia kwamba hapa tunaokoa jicho la mtoto, mengine watayaongea nyumbani. Pomada ya tetrasiklini ya asilimia 1 inayopakwa mara tu mtoto anapozaliwa ni kwa ajili ya kuzuia jambo hili. Mama anayejifungua ana haki ya kuuliza kama imepakwa.

Kwa mtoto mkubwa, tazama kinachotoka. Machozi mepesi, jicho moja limeanza na la pili likafuata baada ya siku moja au mbili, na mtaani wengine wanaumwa: hicho ni kirusi, ule ugonjwa watu wengi wanaouita Apollo. Jina hilo lilianzia Ghana mwaka 1969, mlipuko wake ulipokutana na safari ya Apollo 11 ya mwezini. Hakuna dawa ya kukifupisha. Safisha kope kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, mpe mtoto taulo yake peke yake, nawa mikono, mweke nyumbani asiambukize darasa zima. Wiki moja au mbili kinaisha.

Usaha mzito wa njano au kijani unaogandisha kope asubuhi ni wa bakteria. Hapo dawa ya matone au pomada ya antibiotiki inasaidia, kwa siku zote ulizoandikiwa. Ikifika siku ya tatu bila nafuu, rudi.

Sasa haya yakitokea, acha kila kitu uende hospitali siku hiyohiyo: mtoto hawezi kufungua jicho kwenye mwanga, anasema linamuuma sana, kuna doa jeupe juu ya sehemu nyeusi, au kope imevimba hadi imefunga na ana homa. Maambukizi ya nyuma ya kope yanaweza kuingia kwenye tundu la jicho na kuelekea ubongoni.

Maziwa ya mama, mkojo, maji ya majani yaliyosuguliwa: najua anayeviweka anaweka kwa upendo, na mara nyingi ni mtu anayeheshimika katika familia. Lakini vinabeba vijidudu, na majani mengine yanachoma kioo cha jicho. Makovu hayo nimeyaona, na hayafutiki.

Macho yanawasha, yamekuwa kama maji ya chai, na hayaponi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo ninapoona madhara mengi yasiyo ya lazima.

Mtoto, mara nyingi mvulana, kati ya miaka 4 na 15 hivi, anasugua macho kutwa. Weupe wa jicho umegeuka kahawia. Anatoa uteute mrefu kama uzi. Mwanga wa jua unamkera. Kiangazi, kuanzia Juni mpaka Agosti, vumbi jeusi la barabara zetu likipanda, inazidi. Mvua ikirudi anapata nafuu. Ukimtazama kwa karibu, pembezoni mwa duara jeusi utaona ukingo ulioinuka kama jeli, wakati mwingine una vidoa vyeupe. Huu ni mzio. Hauambukizi, hautokani na uchafu wa mama, wala si damu chafu. Na kwa watoto wengi unatulia wenyewe wakibalehe.

Shida inaanzia kwenye farmasi. Mzazi anaeleza "macho mekundu", anapewa kichupa chenye deksametazoni ndani yake, peke yake au pamoja na antibiotiki. Kesho yake macho ni meupe kabisa. Mzazi anashukuru, anakihifadhi kichupa, na kila yakirudi anaweka tena.

Mtoto wa dada yangu aliwekewa hivyo karibu miaka miwili. Sisi wenyewe, katika familia yenye mtu wa macho, hatukuuliza kile kichupa kilikuwa nini, kwa sababu macho yalionekana mazuri. Alipoanza kujikwaa kwenye ngazi tukampima: presha ya jicho ilikuwa juu, na mshipa unaopeleka picha ubongoni ulikuwa umeshakufa sehemu kubwa. Deksametazoni na ndugu zake wakitumika muda mrefu hupandisha presha ya jicho bila maumivu yoyote, na huleta mtoto wa jicho. Kama wekundu ulitokana na kirusi cha malengelenge au kuvu, dawa hizo huulisha ugonjwa. Kilichokufa kwenye ule mshipa hakirudi.

Kwa hiyo soma kichupa. Ukiona jina lenye "deksa", "betameta" au "predni", hiyo ni dawa ya kupewa na daktari wa macho tu, kwa siku zilizohesabiwa, huku presha ya jicho ikipimwa. Kuna wakati inahitajika kweli, mzio ukiwa mkali unaokwangua kioo cha jicho, na daktari ataitumia bila kusita. Lakini dawa ya kila siku ya mzio ni nyingine: matone kama kromoglikati au olopatadini. Kromoglikati haifanyi kazi leo kwa leo. Inahitaji wiki mbili hivi za kuwekwa bila kuruka, na wazazi wengi wanaiacha siku ya nne wakisema haina nguvu. Ongeza kitambaa chenye maji baridi juu ya macho mara kadhaa kwa siku, kofia yenye ukingo mpana, na kumwosha uso akitoka shule. Mzuie kusugua kwa nguvu, maana kusugua kwa miaka kunaweza kukichongoa kioo cha jicho kikawa kama pia, na miwani ya kawaida ikashindwa kumsaidia.

Mtoto mchanga anatoa machozi bila kulia

Machozi yana mfereji unaoyapeleka puani. Kwa watoto wachanga wengi mlango wake wa chini haujafunguka: jicho linalowa, asubuhi lina tongotongo kidogo, lakini lenyewe ni jeupe na mtoto hasumbuki. Kata kucha, nawa mikono, weka ncha ya kidole kwenye pembe ya jicho upande wa pua, bonyeza, kisha shuka kando ya pua. Mara 5 hadi 10, mara tatu kwa siku. Wengi sana wanafunguka kabla ya mwaka mmoja. Asipofunguka, daktari anapitisha kijiti chembamba kwenye mfereji, kazi ya dakika chache.

Lakini machozi pamoja na kuogopa mwanga, na macho makubwa kuliko ya watoto wengine, si mfereji. Watu humsifu: "Mutoto ana macho mazuri!" Kioo cha jicho la mtoto aliyezaliwa karibuni kina upana wa milimita 10 hivi, kikizidi 12 kabla ya mwaka mmoja, au kikiwa na ukungu wa bluu, shuku presha ya jicho aliyozaliwa nayo. Matone hayaitibu, yanashikilia tu mpaka afanyiwe upasuaji, na kila wiki inayopita inakula uoni wake.

Mboni inang'aa nyeupe

Huenda umeliona kwenye picha ya simu: mwanga wa kamera umepiga, jicho moja lina duara jekundu, la pili lina duara jeupe au la njano. Au jioni, taa ikimpiga kwa upande, jicho linang'aa kama la paka. Picha moja inaweza kudanganya kama mtoto alitazama kando, hivyo piga nyingine akitazama kamera moja kwa moja, kwenye chumba chenye mwanga hafifu. Ukiliona tena, nenda na simu yako hospitali wiki hiyohiyo.

Chanzo kinachotisha zaidi ni saratani ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, ambayo huwapata hasa watoto chini ya miaka 5. Mwanzoni haiumi. Ikikamatwa ikiwa bado ndani ya jicho, watoto wengi wanapona kwa dawa za saratani, mionzi ya leza, au kwa kuliondoa jicho. Neno hilo la mwisho ndilo linalofanya familia ipotee miezi mitatu, ikitafuta maombi na dawa za kienyeji. Ninawaelewa. Lakini mtoto aliyeondolewa jicho anaishi, anavaa jicho la bandia, anasoma. Na ugonjwa ukishafika kwenye mshipa unaoelekea ubongoni, tunagombania maisha yenyewe.

Chanzo kingine ni mtoto wa jicho aliyezaliwa naye, wakati mwingine kwa sababu mama aliugua rubela akiwa mjamzito. Kama ukungu ni mzito, upasuaji unatakiwa mapema mno, wiki 6 hadi 8 za kwanza zikiwezekana. Kwa mtoto upasuaji huu unahitaji usingizi kamili, kwa hiyo si kila hospitali inaweza. Uliza kabla ya kulipa nauli. Na baada yake kuna miwani na kufunika jicho kwa miaka. Atakayekuambia kwamba upasuaji peke yake unamaliza, hajakuambia nusu ya kazi.

Macho hayatazami mahali pamoja

Mpaka miezi 3 au 4 macho ya mtoto mchanga yanaweza kupishana mara mojamoja, na ni kawaida. Jicho moja likikaa ndani au nje muda wote, au makengeza yakiendelea baada ya hapo, apimwe. Wapo watoto wenye pua bapa na ngozi ya kope iliyofunika pembe ya ndani; wanaonekana wana makengeza na hawana. Waangalie kwa tochi kutoka mbele: nukta ya mwanga ikikaa katikati ya mboni zote mbili, macho yamenyooka.

Makengeza si baraka wala laana, na hayaondoki kwa kusubiri. Yanayoanza kati ya miaka 2 na 4, hasa mtoto akitazama kitu cha karibu, mara nyingi yanatokana na jicho kujilazimisha ili lione. Miwani peke yake inaweza kuyanyoosha. Nimewaona watoto wakivaa miwani na macho yakakaa sawa mbele ya mama zao. Mengine yanahitaji upasuaji wa misuli ya jicho. Ila mpasuaji ananyoosha jicho, haliongezei kuona.

Kuona kunatafutwa kwa njia nyingine. Ubongo ukipokea picha mbovu kutoka jicho moja unaacha kulisikiliza, nalo linakuwa jicho vivu. Ndicho kilichompata yule mtoto wa chokea: hakuwa na makengeza hata kidogo, tofauti ya nguvu kati ya macho yake mawili ndiyo iliyomponza. Dawa ni miwani sahihi, kisha kulifunika jicho zima saa 2 kwa siku, au 6 kama hali ni mbaya, ili lile vivu lifanye kazi. Kibandiko kinabandikwa kwenye ngozi, si juu ya miwani, maana mtoto atachungulia pembeni. Siku za kwanza atalia na kukiondoa. Mpe wakati huo kitu anachokipenda kuliko vyote. Kuna pia tone la atropini, linalolitia jicho zima ukungu kwa muda, kwa wanaoshindwa kabisa. Kabla ya miaka 7 kazi hii inazaa vizuri. Baada ya hapo inazidi kuwa ngumu kila mwaka.

Mwalimu anasema ni mvivu

Anasogea karibu na ubao, anakunja macho, ananakili kutoka kwa jirani, anachanganya namba. Nje, mwambie asome jina lililoandikwa kwenye duka la ng'ambo ya barabara, jicho moja moja, ukilinganisha na ndugu yake. Akishindwa, apimwe miwani kabla hajaadhibiwa.

Miwani haiharibu macho wala hailegezi. Asiyeivaa ndiye anayeumia. Chagua lenzi za plastiki, fremu isiyoteleza puani, rudi kupima kila mwaka kwa sababu jicho linakua. Na mtoto acheze nje mchana, saa 2 hivi kwa siku: mwanga wa nje unapunguza uwezekano wa kuanza kushindwa kuona mbali.

Giza likiingia anapapasa

Jioni anajikwaa kwenye viti, haendi chooni bila kushikwa mkono, lakini mchana yuko sawa. Fikiria upungufu wa vitamini A, hasa kama alikuwa na surua, kuhara kwa muda mrefu au utapiamlo, kama watoto wengi waliopita kwenye kambi pembezoni mwa mji wetu. Kwenye weupe wa jicho unaweza kuona kipande kama povu la sabuni lililokauka. Hii ni dharura: kioo cha jicho kinaweza kulainika na kuyeyuka ndani ya siku chache. Anapewa vitamini A siku hiyo, kesho yake, na baada ya wiki mbili.

Wakati wa kampeni, usiipite kapsuli: ya bluu kwa mtoto wa miezi 6 hadi 11, nyekundu kwa wa miezi 12 hadi 59, kila miezi 6. Chanjo ya kwanza ya surua ni miezi 9. Na chakula kipo sokoni: lengalenga, sombe yenye mawese mekundu, viazi vitamu vya rangi ya chungwa, papai, maini.

Kitu kimeingia au kimepiga jicho

Chokaa, simenti, sabuni kali, maji ya betri: maji safi mara hiyo hiyo, kwa wingi, kope zikiwa zimefunguliwa, dakika 15 kwa uchache, ndipo utafute moto, yaani pikipiki, ya kukupeleka. Usitafute moto kwanza.

Mawe yanapogongwa ili kupata kokoto, vipande vinaruka vikiwa na makali, na mtoto anayekaa kando ya mama yake uso wake uko sawa na nyundo. Mkalishe mbali, nyuma yake. Kikiingia, usisugue, usikitoe, usiweke tone wala pomada. Funika kwa kitako cha kikombe cha plastiki bila kuligusa jicho, funga kitambaa juu yake. Usimpe chakula wala kinywaji njiani, kwa sababu huenda akalazwa usingizi wa upasuaji.

Siku ya kupimwa

Beba vichupa vyote alivyowahi kuwekewa, hata vilivyoisha, na picha zake za zamani kwenye simu. Daktari anaweza kumwekea matone ya kupanua mboni ili aone nyuma ya jicho na kupima miwani bila mtoto kujilazimisha. Yatamwasha kidogo, kisha hataona vizuri vitu vya karibu, na jua litamsumbua mpaka kesho yake, na kama ni atropini, kwa siku kadhaa. Mletee kofia, na mjulishe mwalimu asimpe kazi ya kusoma siku hizo.